Protini Moja Ambayo Saratani ya Burkitt Haiwezi Kuificha

Kiamunyi, kwenye barabara ya kutoka Nakuru kwenda Kabarak, iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Kwa saratani ya Burkitt, limfoma inayovimbisha taya au tumbo la mtoto kwa kasi ya kutisha, kimo hicho kina maana. Mwaka 1961 daktari mpasuaji Denis Burkitt alitoka Kampala kwa gari na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, wakaelekea kusini mwa Afrika wakiuliza hospitali moja baada ya nyingine kama zimewahi kuuona uvimbe huo. Karibu na ikweta, ugonjwa ulikuwa ukitoweka kuanzia mita 1,500 hivi. Baadaye ilibainika kwamba mpaka huo ni wa malaria kali.

Mwaka 1964, Epstein, Achong na Barr huko London walitangaza kwamba wameona kirusi ndani ya seli zilizokuzwa kutoka kwenye uvimbe wa aina hiyo uliotoka Uganda. Lakini kirusi hicho, Epstein-Barr, karibu kila mtu mzima anacho, awe wa Kisumu au wa Kiamunyi, na kwa kawaida hakimdhuru. Swali la maana basi ni hili: kinga inayokidhibiti katika miili yetu sote inashindwa vipi kuiona seli iliyogeuka saratani?

Seli zetu hukatakata protini zake na kuvitoa vipande nje, juu ya vibebeo viitwavyo HLA, kama mama mboga anavyopanga mbele ya kibanda kila alicho nacho ndani. Seli za T, walinzi wa kinga, hupita zikikagua. Seli ya B, aina ya seli ya damu ambayo Burkitt huanzia, ikiwa imeambukizwa karibuni hutengeneza protini kadhaa za kirusi, na seli za T aina ya CD8 huitambua upesi na kuiua. Seli ya Burkitt imezima karibu protini hizo zote. Juu ya hayo, jeni ya MYC, iliyong'oka mahali pake na kupachikwa kwenye kromosomu nyingine, huikuza seli kwa fujo na kupunguza vile vibebeo vya HLA.

Inabaki protini moja ya kirusi, EBNA1. Hiyo haizimiki, kwa sababu ndiyo inayobana jeni za kirusi kwenye kromosomu kila seli inapogawanyika. Bila hiyo kirusi kingepotea. Lakini nayo ina hila yake. Katikati yake kuna mnyororo mrefu wa glisini na alanini zinazojirudia, na mwaka 1995 kundi la Maria Masucci huko Stockholm lilionyesha kwamba mnyororo huo huzuia protini isikatwe vipande vya kuonyeshwa kwa CD8.

Hapa ndipo wengi huishia, wakisema saratani hii haionekani. Si kweli. Christian Münz na wenzake, New York, walionyesha mwaka 2000 kwamba seli za T aina ya CD4 za watu wenye afya huitambua EBNA1, na mwaka 2005 wakaeleza njia: seli inapomeng'enya sehemu zake yenyewe, vipande vya EBNA1 hutokea kupitia HLA za daraja la pili, vibebeo vya aina nyingine ambavyo CD4 ndizo huvikagua. Mlango wa mbele umefungwa, wa nyuma uko wazi.

Kazi ninayoithamini kuliko zote, hata hivyo, ilifanyika hapa kwetu. Ann Moormann, pamoja na watafiti wa KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, alilinganisha watoto wa Kisumu, ambako malaria haikatiki mwaka mzima, na wa Nandi, kwenye nyanda za juu za Bonde la Ufa, ambako huja kwa nadra. Damu ilichujwa zibaki seli za kinga, zikamwagwa kwenye visima vidogo vyenye utando unaonasa interferoni gama, kemikali ambayo seli za T hutoa zikimtambua adui, kisha vikaongezwa vipande vya protini za kirusi. Kila seli iliyokitambua kirusi iliacha doa moja, na madoa yakahesabiwa. Matokeo ya 2007: watoto wa Kisumu wa miaka 5 hadi 9 ndio waliokuwa na majibu hafifu, na huo ndio umri ambao Burkitt hushambulia zaidi. Mwaka 2009 kundi hilo likaonyesha kwamba wengi wa watoto wagonjwa hawakuwa na jibu la interferoni gama dhidi ya EBNA1, ilhali watoto wengi wenye afya walikuwa nalo.

Yaani ile protini moja isiyofichika ndiyo hasa kinga yao iliacha kuijibu. Kwangu ushahidi huu una uzito kuliko hila zote za kirusi, kwa kuwa unaonyesha malaria ya mfululizo ikiambatana na kuchoka kwa walinzi wenyewe.

Kwa daktari wa Nakuru, hili linabadilisha maswali ya kumuuliza mzazi. Familia za Kiamunyi zimetoka kila upande, na mtoto aliyelelewa hadi darasa la kwanza Ahero au Bondo, kwenye malaria ya mfululizo, amepanda huku na historia yake ya malaria. Akija na taya iliyovimba au jino linalolegea bila sababu, haitoshi kuandika anwani ya sasa na kumpeleka kwa daktari wa meno. Aulizwe alikulia wapi, na kipande cha uvimbe kipelekwe maabara wiki hiyohiyo, maana Burkitt ikiwahiwa husikia dawa za kemikali vizuri.