Usiache Mbachao: Uhakiki wa Upambaji wa Nyumba katika Pwani ya Mtwara

Wahenga wetu walisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao." Mbacha ni mkeka mkuukuu, mbachao ni mbacha wako, na msala ni mkeka wa kusalia. Methali hii hutumika sana katika mambo ya ndoa na urafiki, hata tumesahau kwamba maneno yake yenyewe yanahusu vyombo vya nyumbani. Katika makala hii tunakusudia kuirudisha methali hiyo ilikotoka. Tutatazama jinsi watu wa pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi kwenye mlango wa Mto Ruvuma, wanavyozipamba nyumba zao, na hasara inayowapata wanaponunua bila kupima.

Huenda msomaji akauliza: je, viti, makabati na mapazia ni mambo ya kuhakikiwa? Tumezoea kuhakiki tenzi, tamthilia na vinyago. Jibu letu ni kwamba nyumba ni kazi ya sanaa ambayo kila mtu hushiriki kuiumba. Mtu ambaye hajatunga shairi hata moja atachagua mahali pa kuweka kitanda na mahali pa kumketisha mgeni. Uchaguzi huo hueleza anachokithamini na yule anayetaka kufanana naye. Basi, kama ilivyo katika shairi, tunayo haki ya kuuliza: je, umbo hili linafaa kwa kazi yake?

Tuanze na nyumba ya asili. Mikindani zimebaki nyumba za mawe ya matumbawe na chokaa, zenye kuta nene, milango ya kuchonga na baraza. Vijijini nyumba ilijengwa kwa miti, fito na udongo, ikaezekwa kwa makuti au nyasi. Vyombo vyake vilikuwa vichache: kitanda cha kamba, mikeka, vigoda, mtungi wa maji, kinu na mchi, mbuzi ya kukunia nazi. Uchache huo ulitokana kwa sehemu na umaskini, wala hatuna haja ya kuuficha. Lakini ndani yake mlikuwa na fikra. Kitanda cha kamba hupitisha hewa usiku wa joto. Kamba zikilegea hukazwa, tendegu likivunjika huchongwa jingine, na kunguni wakizidi kitanda chote hutolewa nje kikaanikwa juani. Mkeka nao hukunjwa asubuhi, na chumba kilicholaza watu watano kikawa mahali pa kazi. Kila chombo kilitii hali ya hewa, na kila chombo kilikuwa na fundi wake karibu.

Leo mambo yamebadilika, na mabadiliko hayo yana majira yake. Mtwara ni mkoa wa korosho. Tangu mwaka 2007, mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanzishwa, korosho hukusanywa kupitia vyama vya ushirika na kuuzwa kwa mnada, na malipo humfikia mkulima kwa mkupuo. Fedha ya mkupuo ina haraka yake. Katika muda wa majuma machache barabara hujaa magari yaliyobeba makochi, makabati ya vioo na magodoro. Hatumlaumu mkulima kwa kutaka kukalia kitu laini baada ya mwaka mzima wa kupalilia na kupulizia dawa. Tunalouliza ni hili: kwa nini fedha nyingi kiasi hicho hugeuka takataka kabla ya misimu mitatu kupita?

Kosa la kwanza ni kununua kabla ya kuiuliza nyumba. Hewa ya pwani hii ina chumvi na unyevu. Msumari wa chuma hula kutu, chemchemi za kochi hukatika, na kioo hutoka madoa kwa nyuma. Kabati lililotengenezwa kwa vumbi la msumeno lililoshindiliwa kwa gundi, kisha likavishwa ganda linalofanana na mninga, haliwezi kustahimili masika. Sisi wenyewe hatukuliepuka kosa hili. Tulipata kununua kabati la namna hiyo, tukaliegemeza kwenye ukuta wa upande wa mvua. Masika ya pili miguu yake ilikuwa imevimba kama mkate uliochovywa ndani ya chai. Fundi seremala tuliyemwita alilitazama, akacheka kwa adabu, akasema, "Mwalimu, umenunua kabati kabla ya kuuuliza ukuta." Hakukuwa na la kutengeneza, maana mbao zenyewe hazikuwamo. Kwa gharama ya kabati lile na nauli yake tungeweza kupata kitanda cha mninga au mkongo, kilichoungwa kwa ndimi badala ya misumari, ambacho kingewafaa hata wajukuu.

Kosa hilihili huwapata wenye nyumba za kale. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa. Mwenye nyumba apendaye ukuta laini huupiga lipu ya saruji na rangi nzito ya mafuta. Unyevu hukosa pa kutokea, na baada ya muda lipu hubanduka pamoja na sehemu ya ukuta. Aliyeona aibu kupaka chokaa kila baada ya miaka michache hulazimika kulipa gharama kubwa zaidi.

Mtwara ina ushahidi mkubwa wa kosa la namna hii. Mwaka 1947 serikali ya kikoloni ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga katika Tanganyika, Nachingwea ikiwa miongoni mwa sehemu zake. Mitambo ililetwa kabla ya udongo na mvua kuchunguzwa ipasavyo. Bandari ya Mtwara ikajengwa, na reli ikatandazwa kuelekea bara. Mwaka 1951 mpango uliachwa, hasara ikiwa zaidi ya pauni milioni 35, na reli ile iking'olewa katika miaka ya 1960. Bandari imedumu, kwa sababu ilifuata kina cha ghuba ambayo tayari ilikuwapo. Kubwa na dogo hufundisha somo moja: kinachodumu ni kile kilichopatana na mahali pake.

Kosa la pili ni kupamba kwa ajili ya mgeni asiyekuja. Tumeingia katika nyumba nyingi ambamo chumba kikubwa kuliko vyote ndicho kinachotumika kidogo kuliko vyote. Makochi yamejaa hadi mlangoni, mengine yakiwa bado katika nailoni ya dukani, na vikombe ndani ya kabati la vioo havijawahi kuonja chai. Mama anapika nyuma, ameketi juu ya mbuzi ya nazi. Baba amekaa nje chini ya mwembe. Watoto wanafanya kazi za shule wakiwa wamelala kifudifudi sakafuni, kwa sababu meza iliyopo ni ya maua ya plastiki. Hapo ndipo hasara kubwa ilipo. Thamani ya kochi huweza kupatikana tena msimu ujao, lakini miaka ya mtoto aliyekosa meza na taa haitarudi. Aidha, baraza ambalo lilimkaribisha jirani bila kubisha hodi limeachwa kwa kuku. Kiti kimenunuliwa kwa ajili ya heshima, kumbe heshima yenyewe ilikuwa imeketi nje.

Kosa la tatu huwahusu zaidi wasomi, na sisi tukiwamo. Ni kuutundika utamaduni ukutani bila kuuelewa. Nchi za pande zote mbili za Ruvuma ndizo nyumbani kwa Wamakonde, ambao uchongaji wao umejulikana duniani kote. Lakini si kila kinyago kilizaliwa kuwa pambo. Barakoa za mapiko huvaliwa na wachezaji katika sherehe za kuwatoa vijana jandoni na unyagoni. Bila ngoma, mwendo na siri yake, barakoa huwa uso usio na mwili. Sanamu nyingine, kama zile za mtindo wa Shetani, ambao chanzo chake huhusishwa na msanii Samaki Likankoa, zilichongwa ili ziuzwe na kutazamwa, nazo zina haki ya kukaa sebuleni. Mnunuzi asiyejua tofauti hiyo hudanganywa pia na mti mweupe uliopakwa rangi ya viatu ukaitwa mpingo. Mpingo wa kweli ni mzito, huzama majini, na ukikwaruzwa weusi wake hauishi. Anayetaka kupamba kwa kinyago na amuulize kwanza mchongaji kinasema nini.

Yafaa tujihadhari, hata hivyo, tusije tukaligeuza la zamani kuwa sanamu ya kuabudiwa. Makuti hushika moto na huvuja. Bati, pamoja na kelele na joto lake, limewapa watu wengi usingizi wakati wa masika. Chokaa iliyosifiwa hapo juu mara nyingi ilipatikana kwa kuchoma matumbawe, na boriti zilikatwa katika mikoko ya mlango wa Ruvuma. Tangu mwaka 2000 eneo hilo ni Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Mlango wa Mto Ruvuma, na mvuvi anajua kwamba samaki huzaliana katika matumbawe na mikoko hiyohiyo. Pambo linaloua mazalio ya samaki ni ghali hata likipatikana bure.

Kutokana na uchambuzi huu tunaweza kupendekeza maswali matatu ambayo kila mnunuzi ajiulize kabla ya kutoa fedha. Kwanza: je, kitu hiki kitastahimili chumvi na masika ya hapa? Pili: nani atakitumia kila siku, na kwa kazi gani? Tatu: kikiharibika, yuko fundi wa hapa awezaye kukitengeneza? Kitu kisicho na fundi hununuliwa mara mbili. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi wake kazi ya kuorodhesha vyombo vya nyumbani mwao, kisha waandike ni kipi kilichodumu zaidi na kwa sababu gani. Tunaamini kwamba wengi watarudi na habari za kinu, kigoda au kitanda cha bibi.

Tumalizie kwa methali tuliyoanza nayo. Haisemi kwamba mbacha usibadilishwe kamwe, wala haisemi kwamba msala mpya ni mbaya. Uzito wake umo katika neno moja: "upitao". Msala uliokuja kukaa, unaofaa kwa sakafu yetu, na ambao jirani yetu anajua kuushona, huo tuupokee na tuutandike.