Mercedes 300 SL na Jaguar E-Type: bei haiko hakimu

Ndugu zangu, tuanze na kile kila mtu anajua. Ukiweka Mercedes-Benz 300 SL ya 1954 karibu na Jaguar E-Type ya 1961, wakusanyaji wa magari ya zamani watakimbilia Mercedes. Leo 300 SL nzuri inapita milioni moja ya dola. E-Type nzuri inauzwa kwa sehemu ndogo tu ya bei hiyo. Banasema basi mambo yamekwisha, Mercedes njo gari bora. Mimi nakataa.

Kwanza tuipe Mercedes haki yake. Ilizaliwa na gari la mashindano lililoshinda Le Mans mwaka 1952. Shasi yake ni mabomba membamba ya chuma yaliyounganishwa, mepesi na imara, lakini ubavuni yanapanda juu sana. Njo maana milango yake inafunguka kwenda juu kama mabawa. Haikuwa urembo, ilikuwa lazima. Motere yake ya silinda 6 na lita 3 inaingiziwa mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, jambo la nadra sana kwa wakati ule. Na zile za mabawa zilitengenezwa 1400 tu.

Lakini tusifunge macho. Ekseli yake ya nyuma inaweza kukutupa nje ya kona ukiachia mafuta ghafla. Freni ni za ngoma. Vioo vya milango havishuki, kwa hiyo ndani munapikika. Kuingia tu ni sarakasi!

Sasa E-Type. Ilionyeshwa Geneva mwezi wa tatu 1961, na freni za diski kwa magurudumu yote 4, na nyuma kila gurudumu linacheza peke yake. Motere yake ya kwanza ilikuwa ya lita 3,8, na Jaguar ilitangaza mwendo wa kilomita 240 kwa saa. Bei yake? Karibu nusu ya Aston Martin ya siku zile. Umbo lake alilichora Malcolm Sayer kwa hesabu, si kwa jicho tu, na mwaka 1996 jumba la sanaa la MoMA kule New York liliingiza moja katika mkusanyo wake. Kasoro iko nazo: zile za kwanza giaboksi ni ngumu, na kutu inazipenda sana.

Basi kwa nini bei ni mbali hivi? Jibu ni moja: E-Type zilitengenezwa zaidi ya 70.000. Kosa lake ni kwamba iko mingi.

Kama unatafuta kuficha pesa ndani ya garaje, chukua Mercedes, siwezi kukucheka. Lakini gran turismo maana yake ni gari ya kwenda mbali, haraka, bila kukuchosha. Kwa kazi hiyo, mimi napa ushindi E-Type.

Sisi tunapaswa kuelewa hii mbele ya wengine. Kila siku tunaambiwa diplome zimekuwa mingi, hazina tena bei. Wingi unashusha bei, ni kweli. Haushushi kazi ambayo kitu kinaweza kufanya.

Na wewe, ungechukua funguo za gari gani?