Mashamba Manne, Chupa Moja

Divai ya Barolo ya familia ya Mascarello haitishi kwa rangi. Inamisha glasi juu ya kitambaa cheupe: wekundu wake umepauka, na ukingoni umeanza kugeuka rangi ya tofali. Asiyeijua atadhani ni divai nyepesi, mpaka apige funda na ukakasi umkamate ulimi na fizi kama bibo lisiloiva vizuri.

Ndivyo zilivyo zabibu za Nebbiolo: rangi kidogo, lakini tanini, chanzo cha ukakasi huo, tele. Tena huchelewa kuiva. Kwenye vilima vya Langhe, huko Piemonte, Italia, mara nyingi huvunwa Oktoba, ukungu umeshaanza kutanda mabondeni. Baada ya hapo sheria inataka Barolo itunzwe miezi 38 kabla ya kuuzwa, 18 kati ya hiyo ndani ya mapipa ya mbao.

Giulio Mascarello alianza kutengeneza divai hii mwaka 1918, kisha akamwachia mwanawe Bartolo. Majirani walipokimbilia vipipa vipya vya lita 225, vinavyoipa divai harufu ya vanila, Bartolo alikataa katakata. Aliendelea kuchachusha kwenye matangi ya saruji, maganda yakilowa kwa wiki kadhaa, kisha kuipumzisha divai kwenye mapipa makubwa ya mwaloni wa Slavonia. Hata lebo moja aliichora kwa mkono wake akitangaza kwamba hataki vipipa hivyo, wala hamtaki mwanasiasa Berlusconi!

Ninachokistahi zaidi ni uchanganyaji wao. Wana mashamba ya Cannubi, San Lorenzo na Rué, yote kwenye kijiji cha Barolo, na la nne la Rocche, upande wa La Morra. Jina la Cannubi peke yake lingewauzia chupa kwa bei ya juu. Wao huchanganya yote manne, kama walivyofanya wakulima wa zamani, ili upungufu wa shamba moja ufidiwe na jingine. Bartolo alifariki 2005. Binti yake, Maria Teresa, hakuubadilisha utaratibu huo.

Kwa hiyo nikiionja sihangaiki kuyatenganisha mashamba. Naiacha glasini saa nzima, nikiinusa tena na tena: waridi kavu, kisha lami, kisha cheri, halafu waridi linarudi. Nyama iliyopikwa taratibu ikifika mezani, ukakasi unalainika na harufu hizo zinabaki wazi, kila moja mahali pake. Vanila ingezifunika zote.