Mhusika Naye Ana Ubongo: Kumsoma Rosa Mistika Kutokea Biharamulo

Tangu Euphrase Kezilahabi atoe riwaya yake ya kwanza, Rosa Mistika, mwaka 1971, wahakiki wetu wamekuwa na sentensi moja ambayo kila mwanafunzi aliyesoma fasihi sekondari anaijua kama sala: malezi ya ukali yalimharibu Rosa. Ukiiandika kwenye mtihani unapata maksi zako, unashukuru, unakwenda zako. Mimi mwenyewe nimeiandika, na maksi nilipata. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kuwa sentensi hiyo, ingawa ina ukweli ndani yake, ni ya kivivu. Inaruka kutoka kwenye mkono wa baba moja kwa moja mpaka kwenye tabia ya binti, bila kupita mahali penyewe jambo lilipotendeka, yaani mwilini mwa Rosa: masikio yake, ngozi yake, mishipa yake ya fahamu, ubongo wake.

Kabla sijamfikia Rosa, ndugu msomaji univumilie kidogo tupite kwanza Biharamulo, nilikokulia, maana ni huko nilikojifunza jinsi watu wanavyoweza kumsoma mtu vibaya.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa akitusimulia habari za kaka yake, mrina asali, enzi za mkoloni. Alikuwa mtu mpole, fundi wa kutundika mizinga, siku nyingi yuko porini. Basi mwaka mmoja akabadilika. Mchana anasinzia, tonge liko mkononi halijafika mdomoni. Usiku hana usingizi, anazunguka uani akizungumza peke yake. Akawa mkali, siku moja akamrushia mkewe chungu. Majirani walisema amezidisha rubisi, na bibi aliapa kuwa kaka yake hakuwa mnywaji. Ndugu wengine walisema amerogwa kwa sababu ya asali yake kuwa nyingi. Mkewe alivumilia, akachoka, akarudi kwao. Alipokuja mtu wa serikali wa kupima damu, mgonjwa alikuwa hata jina la dada yake limemtoka. Akafa. Yalikuwa malale.

Kwa faida ya wasiojua, malale huletwa na kijidudu kinachoitwa tripanosoma, na mchukuzi wake ni mbung'o. Kwetu Tanzania aina iliyopo ni ile ya haraka, inayoweza kumaliza mtu kwa wiki au miezi michache. Mwanzo kijidudu kinakaa kwenye damu, mtu anapata homa na kichwa kinamgonga, unaweza ukadhani malaria. Halafu kinaingia kwenye ubongo, na hapo ndipo tabia inapoanza kugeuka. Jambo lililonishangaza niliposoma habari hizi ni kuwa hata jina lenyewe linatudanganya. Waliopima usingizi wa wagonjwa wameona kuwa jumla ya saa wanazolala kwa siku nzima haiongezeki sana. Kinachovunjika ni mpangilio. Saa ya mwili iliyomo ndani ya ubongo inapoteza majira, usingizi unakatika vipande vipande na kumwagika ovyo kati ya usiku na mchana. Sisi tunamwona mgonjwa mchana, anasinzia, tunaita malale. Usiku wake nani anaujua? Labda mkewe, naye amekwisha rudi kwao.

Serikali ya Mwingereza iliona mambo ya mbung'o ni makubwa kiasi kwamba katika miaka ya 1920 na 1930 iliwahamisha watu wa sehemu nyingi za magharibi mwa Tanganyika, Biharamulo ikiwamo, ikawakusanya kwenye makazi ya pamoja mbali na mapori. Sehemu kubwa ya mapori ya kwetu ikaja kuwa mapori ya akiba ya Biharamulo na Burigi, na tangu mwaka 2019 yameunganishwa na la Kimisi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Dawa zilikuja kwa taabu. Ile iliyoweza kuufikia ubongo, melarsoprol ya mwaka 1949, ilikuwa na sumu ya aseniki ndani yake, ikachoma mishipa ya wagonjwa na kuua takriban 5 katika kila 100 waliodungwa. Vidonge vya kumeza, feksinidazoli, vimeingia katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa aina yetu ya malale mwaka 2024 tu. Juzi hapa.

Sasa turudi kwenye uhakiki. Majirani wa bibi walikuwa wahakiki. Walimtazama mhusika wao, wakaona matendo, wakatoa tabia: mlevi, mkali, mvivu. Halafu wakatoa ujumbe: asali nyingi huleta husuda. Hawakuuliza mwili wake unapitia nini. Na sisi na madaftari yetu ya fani na maudhui tunafanya hivyo hivyo kila tunapoandika chini ya kichwa «Wahusika»: Rosa, binti wa kwanza wa Zakaria na Regina, mwanzo mtiifu, baadaye malaya. Nukta.

Hebu tutazame riwaya yenyewe. Tuko Ukerewe. Rosa anapata barua kutoka kwa kijana Deogratias, yenye pesa ndani. Zakaria, mlevi, baba ambaye nyumba nzima inamtetemekea, anaigundua na kumpa binti kipigo cha kupita kiasi. Wahakiki wengi hulipita tukio hili haraka ili wafike kwenye «athari». Mimi naomba tukae hapo. Rosa hakufanya hesabu siku ile. Hakukaa chini akasema, «Kwa kuwa baba amenipiga kwa ajili ya mvulana, nitawaepuka wavulana.» Somo liliingia kwa mlango mwingine.

Katika ubongo kuna kiungo kidogo chenye umbo la lozi, wataalamu wanakiita amigdala. Sauti ya kutisha au sura ya kutisha ina njia ya mkato ya kukifikia, kabla sehemu za ubongo zinazofikiri hazijamaliza kuuliza ni kitu gani hicho. Moyo unapiga mbio, jasho linatoka, miguu inataka kukimbia, na mwenyewe bado hajui kwa nini. Hofu iliyofungwa namna hiyo pamoja na kitu fulani, iwe mlio, harufu au sura ya mwanamume, inafungwa kwa nguvu sana, hata kwa mara moja. Kiswahili chetu kilikwisha liona jambo hili zamani. Macho, masikio, pua, ulimi na ngozi tunaviita milango ya fahamu. Mtu akipigwa akazimia tunasema amepoteza fahamu. Lugha yenyewe imeiweka fahamu mwilini, ila sisi wahakiki tukiingia darasani tunaihamishia kwenye «itikadi» na «msimamo».

Ukimsoma Rosa kwa jicho hilo, miaka yake ya shule ya wasichana inaeleweka upya. Wenzake wanachangamkia wavulana, yeye anawakimbia. Tumezoea kusema hapo Rosa ni «mwenye maadili». Maadili gani? Yule ni mtu anayeshtuka. Mwenye maadili ana uwezo wa kukaa na mvulana, akampima, akasema ndiyo au hapana. Zakaria hakumfundisha binti yake kuchagua, alimfundisha kushtuka. Na kushtuka hakumwambii mtu yupi ni mwema na yupi ni mwongo, kunamwambia kimbia tu.

Ndiyo maana yanayotokea baadaye, Rosa anapokuwa mbali na nyumbani chuoni na kuanza kwenda na wanaume hovyo, mimi hayanipi ajabu ile wanayoipata wanaosema mwandishi «amembadilisha mhusika ghafla mno». Huo ni uhakiki wa siku nyingi, na una hoja, maana Kezilahabi kweli anakwenda haraka pale. Lakini mabadiliko yanaaminika. Hofu ilikuwa imefungwa na uwepo wa baba. Baba hayupo, kamba inalegea, na chini ya kamba hakuna kitu kilichowahi kuoteshwa. Halafu kuna la pili. Pavlov wa Urusi aliona kwa mbwa wake kuwa somo la namna hii likizimwa halifutiki. Likikaa kwa muda huweza kurudi lenyewe. Someni tena sura za mwisho, Charles anapomkataa Rosa kwa kuwa si bikira. Neno moja la mwanamume mmoja, na msichana aliyeonekana kuwa amekwisha kuwa sugu anavunjika kabisa na kujiua. Wapo wanaodai kifo hicho ni adhabu ya mwandishi kwa tabia ya Rosa. Mimi naona ni mkono ule ule wa baba, umesafiri miaka yote hiyo ndani ya mwili wa binti.

Wenzetu wa Ngara wana ushahidi wao wa jambo hili, mkubwa kuliko wa riwaya yoyote. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika saa 24, wakajaa Benaco. Wahangaza, ambao lugha yao ni ndugu wa Kinyarwanda na Kirundi, waliweza kusikilizana na wageni hao bila mkalimani. Mwalimu mmoja wa huko aliniambia kilichomkaa moyoni ni mtoto aliyekuwa akijificha chini ya dawati kila mlango ulipojibamiza kwa upepo. Wenzake walimcheka na mwalimu mwenyewe siku ya kwanza alimwadhibu kwa utundu. Huko Rwanda, baada ya mauaji yale, watu walipata neno la hali hii, ihahamuka, neno lenye picha ya mtu aliyeishiwa pumzi kwa hofu. Tazama lilivyo: halisemi huzuni wala kumbukumbu. Linasema mapafu.

Na tiba mojawapo iliyojaribiwa kwa watu wa namna hiyo inatuhusu sana sisi watu wa fasihi. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, watafiti waliwafundisha wakimbizi wenyewe kuwasaidia wenzao, na matokeo yakatolewa mwaka 2008, wakimbizi 277 Wanyarwanda na Wasomali. Njia mojawapo ilikuwa kusimulia. Mtu anasimulia maisha yake tangu kuzaliwa, kwa mpangilio wa wakati, na anapofika kwenye tukio baya anaulizwa: ulisikia nini, ulinusa nini, mwili ulikuwaje? Lengo ni kumbukumbu iliyotapakaa katika milango ya fahamu ipate tarehe na mahali, ijue kuwa imepita. Yaani ploti, jamani! Kitu tunachokifundishana kama mbinu ya fani, kule ni dawa. Mimi nikajiuliza: katika Rosa Mistika ni nani aliyeketi na Rosa akamwambia, hebu nieleze siku ile baba alipokupiga? Nimefunua kurasa, sikumwona. Regina mama yake anampenda, lakini naye ni mtu wa kupigwa.

Sitaki nionekane namsifu tu marehemu Kezilahabi (alifariki Januari 2020). Miaka mitatu baada ya Rosa, katika Kichwamaji ya 1974, alifanya kinyume kabisa, na hapo namlaumu. Mtoto wa Manase anazaliwa na kichwa kikubwa kuliko kawaida, na sisi tunatakiwa tuone ndani yake uozo wa wasomi wetu, zao la maisha machafu ya wazazi. Kichwamaji ni ugonjwa. Maji yanayozunguka ubongo yanakosa njia ya kutoka, yanajaa, na kwa kuwa mifupa ya kichwa cha mtoto haijashikana, kichwa kinatanuka. Katika Afrika Mashariki mara nyingi chanzo ni maambukizi yanayompata mtoto muda mfupi baada ya kuzaliwa. Mbale, Uganda, kuna hospitali iliyofunguliwa 2001 ambako madaktari waliendeleza upasuaji wa kuyafungulia maji njia bila kumwachia mtoto mpira kichwani. Lakini kwetu nimeona mama akimfunika mtoto wa namna hiyo kanga mpaka puani ili watu wasiulize amefanya dhambi gani. Ishara nzuri ya kitabuni, mama yule ndiye anayeilipia.

Najua hoja itakayonijia. Mtaniambia: bwana, ukishasema ni ubongo, hakuna tena mwenye kosa, uhakiki umekuwa wodi. Hoja hii ni nzito na sitaikwepa, kwa sababu riwaya yenyewe haiikwepi. Inamalizikia mbele ya Mungu, baba na binti wakitupiana lawama. Nilipoisoma mara ya kwanza nilikuwa upande wa Rosa moja kwa moja. Sasa sina raha. Zakaria naye ana amigdala. Zakaria naye ana mwili uliolowa pombe miaka mingi, na pombe inajulikana inavyolegeza ile sehemu ya mbele ya ubongo inayoshika breki. Kama namwombea Rosa asomwe upya, nitamnyima vipi Zakaria? Naweza kusema tofauti yao ni kwamba Zakaria alikuwa mtu mzima, alikuwa na asubuhi nyingi za kuamka bila pombe kichwani akayaona majeraha ya watoto wake. Hiyo nitaishikilia. Lakini nimerudi kitabuni nikitafuta utoto wa Zakaria, nani alimpiga, kwa nini, aliposikia hatua za nani mlangoni moyo wake ulipiga mbio. Kezilahabi hakutuandikia ukurasa huo.