Tunafundisha maneno magumu, wanafunzi wanaangushwa na mepesi

Nilipokuwa fildi ya ualimu katika shule moja ya kata, Iringa Vijijini, nilitunga jaribio la Fizikia kwa kidato cha pili. Swali la tatu niliona ni maksi za bure: "A solution has a mass of 120 g and a volume of 100 cm³. Find its density." Gawanya 120 kwa 100, pata 1.2, weka kipimo chake, umemaliza.

Binti mmoja wa dawati la mbele, mwepesi kweli wa hesabu, aliliacha tupu. Nikamwita baada ya kipindi. Akanijibu kwa aibu: "Mwalimu, sikuelewa sauti ya suluhisho inapimwaje."

Kwanza nilicheka. Halafu nikanyamaza. "Volume" aliijua kwenye redio na simu: ongeza volyumu, punguza volyumu. "Solution" aliikuta kwenye somo la Uraia, suluhisho la migogoro. Na "mass"? Kwao walikuwa Wakatoliki, kwa hiyo ilikuwa misa ya Jumapili. Nikamwuliza, "density" je? Akaitaja palepale bila kukosea: "mass per unit volume". Neno gumu alilikariri, maneno mepesi yanayolieleza hakuwa nayo.

Nikamsomea swali upya kwa Kiswahili: mmumunyo wa gramu 120 una ujazo wa sentimeta za ujazo 100. "Kumbe ni kugawanya tu?" Akaandika 1.2 nikiwa bado nimesimama. Lakini kwenye karatasi nilikuwa nimeshampa sifuri, na hiyo sifuri bado inanikera, kwa sababu haikupima Fizikia.

Siku ile nilifungua orodha ya maneno magumu iliyokuwa mwishoni mwa kitabu tulichotumia. "Density" ilikuwepo. "Buoyancy" ilikuwepo. "Volume", "solution" na "mass" hazikuwepo. Tangu hapo nimezoea kuanza na kurasa hizo za mwisho kila ninaposhika kitabu cha sayansi cha sekondari, na ninachokutana nacho mara nyingi ni kilekile: orodha ina maneno ambayo mwanafunzi hajawahi kuyasikia, inayaacha yale anayodhani anayajua. Mimi nasema orodha hizi zimepangwa kichwa chini miguu juu.

Sababu iko ndani ya lugha yenyewe. Mwaka 1945 George Kingsley Zipf wa Chuo Kikuu cha Harvard alionyesha kwamba kadiri neno linavyotumika mara nyingi ndivyo linavyokuwa na maana nyingi. Kwa makadirio yake, maana huongezeka kama kipeuo cha pili cha matumizi: neno linalotumika mara 100 zaidi ya jingine huwa na maana kama mara 10 zaidi. Ndiyo maana "photosynthesis" ina maana moja tu popote uendapo, wakati kitenzi "run" wahariri wa kamusi kubwa ya Oxford walikihesabia maana 645, kwa taarifa zilizotoka mwaka 2011. Neno gumu linakutisha lakini halikudanganyi. Linalokudanganya ni lile jepesi.

Usije ukadhani ni vurugu za Kiingereza peke yake. Hebu fikiria "piga". Tunapiga simu, picha, pasi, mswaki, deki, kura, na tunapiga hodi. Mtoto wa Uyole, Mbeya, hachanganyikiwi hata kidogo. Mwaka 2012, kwenye jarida la Cognition, Piantadosi, Tily na Gibson walitetea hoja kwamba maana nyingi katika neno moja ni faida: lugha inatumia tena maneno mafupi na rahisi, na muktadha unamaliza kazi iliyobaki. Sawa kabisa. Ila muktadha unamsaidia mtu ambaye tayari ana hizo maana kichwani, akachague inayofaa. Mtoto wetu anaingia kidato cha kwanza akiwa na maana moja kwa kila neno, ileile aliyoipata msingi. Hana cha kuchagua.

Zunguka naye Nyanda za Juu Kusini uone. "Table" kwake ni meza, na mtihani unamwambia atumie "the table below". Atainama kutafuta nini? Nenda Mufindi, kwenye chai, misitu, na kiwanda cha karatasi cha Mgololo. Pale mtu anaweza kuandika bila kosa lolote: "The plant buys wood from people who plant trees and raise young plants." Neno moja, mara tatu: kiwanda, kupanda, miche. Bwawa la Mtera linaendesha "power plant", na aliyeshika maana moja tu atakutafsiria "mmea wenye nguvu". Sio mjinga. Ametumia vizuri kabisa maana alizopewa.

Kwenye Jiografia nako kuna balaa. Mbeya iko karibu na mahali ambapo mikono ya Bonde la Ufa inakutana, kwa hiyo neno "fault" mwanafunzi wa pale analikanyaga kila siku. Darasani analijua kama kosa, hivyo "fault" ya miamba kwake ni kosa la nani? Na jibu lilikuwa kwenye jina la bonde lenyewe: ufa. Halafu kuna "relief". Kwenye habari ni chakula cha msaada, kwenye ramani ni sura ya nchi, kwenye mvua ni ile mvua ya milima inayowalowesha watu wa Rungwe karibu mwaka mzima. Mtoto wa Tukuyu amekulia ndani ya "relief rainfall", na bado swali linaweza kumshinda.

Kuna watakaosema dawa ni moja tu, tufundishe kwa Kiswahili. Hoja hiyo ina umri kunizidi. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makwetta, mwana wa Njombe, ilipendekeza mwaka 1982 kwamba sekondari zianze kuhamia Kiswahili kuanzia 1985. Mwaka 1984 Criper na Dodd wakaripoti kwamba Kiingereza cha wanafunzi wengi hakitoshi kusomea masomo mengine. Serikali ikabaki na Kiingereza, na sekondari bado tuko nacho. Mimi naunga mkono Kiswahili, maana yule binti angepata maksi zake. Lakini tusijidanganye kwamba tatizo la maneno mepesi litakwisha siku hiyo.

Angalia neno "kazi". Mama anayetembea Tukuyu na mkungu wa ndizi kichwani, kwa mwendo uleule, kwenye tambarare (ukiipata tambarare Tukuyu), kwa Fizikia hafanyi kazi yoyote juu ya ule mkungu. Kani anayoutegemezea inaelekea juu, mkungu unakwenda mbele. Haya, mfuate umwambie hafanyi kazi. Na "nguvu" je? Mtaani ndiyo kani, ndiyo nishati, ndiyo umeme, ndiyo misuli. Hata huko kwa wenye Kiingereza chao hali haikuwa shwari: Cassels na Johnstone waliwapima wanafunzi wa Uingereza, na kazi yao iliyochapishwa mwaka 1985 na Royal Society of Chemistry ilionyesha kwamba maneno ya kawaida yakiingia kwenye sayansi huwakwamisha pia.

Vitendea kazi tunavyo, na vingine ni vizuri. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI, ya mwaka 1990, ilithibitisha kwamba sayansi inasemeka kwa Kiswahili. Ila kamusi ya istilahi kazi yake ni kukupa maana ya fani. Haikwambii kwamba neno hilihili umelikuta jana kwa sura nyingine. Kamusi ya kawaida nayo inakupangia maana kwa namba, kisha inakuacha uchague mwenyewe. Katikati ya hizo mbili pana shimo, na ndimo watoto wanamotumbukia. Hata kozi ya Kiingereza ya mwanzo wa kidato cha kwanza, ile tunayoiita beziline, ingekuwa mahali pazuri pa kuliziba.

Ninachotaka ni kidogo. Kila kitabu cha sayansi kiwe na ukurasa mmoja wa maneno mepesi, wenye safu tatu: neno, maana uliyoizoea, maana ya humu. "Volume": sauti ya redio, ujazo. "Solution": suluhisho, mmumunyo. "Table": meza, jedwali. Maneno 50 yanatosha kuanzia. Na mwalimu asisubiri kitabu, chaki anayo. Kabla ya kuuliza "mmeelewa?", achague neno jepesi kuliko yote kwenye swali na kuuliza: hili mnalijua kwa maana gani?

Jaribio lililofuata nililianza hivyo, kwa dakika tano za ubao. Yule binti aliandika ujazo bila kuuliza mtu. Ile sifuri ya kwanza niliifuta pia, ingawa utaratibu haukuniruhusu.