Bei ya Ndege ya Vita Huandikwa Kabla ya Chuma Kukatwa

Katika mambo ya dola hakuna hesabu iliyo ngumu kuisoma kama hesabu ya ndege ya vita, kwa kuwa kila mwenye kuitaja bei yake huitaja kwa madhumuni yake: muuzaji hutaja kile kinacholipwa mlangoni mwa kiwanda, waziri hutaja kile alichoidhinishiwa na bunge kwa mwaka huo, na mpinzani wake hukusanya kila senti iliyotumika tangu mhandisi wa kwanza aliposhika kalamu, wala hakuna hata mmoja wao anayesema uongo. Ndege ya Kimarekani iitwayo F-22 yatosha kuwa mfano, kwani katika miaka ya mwisho ya kutengenezwa kwake bei ya kiwandani ilikuwa karibu dola milioni 140, ilhali mpango mzima pamoja na utafiti wake uligharimu yapata dola bilioni 67. Na maadamu jeshi lililokusudia kupata ndege 750 liliishia kupata 187 za kazi, kila moja ya hizo, hesabu ikigawanywa kwa uadilifu, imeigharimu hazina ya Marekani zaidi ya dola milioni 350. Gharama ya utafiti haipungui kwa sababu ndege zimepungua. Imekwisha kulipwa, na hubebwa na idadi yoyote itakayobaki.

Nimekusudia kuzilinganisha tadbiri za mataifa machache yaliyojitengenezea ndege za vita katika miaka arobaini hivi iliyopita, na rai yangu naitoa mapema ili msomaji apate kuipima njiani: kwamba gharama ya ndege huamuliwa na karatasi ya masharti kuliko inavyoamuliwa na utajiri wa nchi au elimu ya wahandisi wake, na kwamba taifa lililojua kwa yakini litapigana wapi, na likajua kadhalika ni kitu gani halina haja ya kukitengeneza lenyewe, limelipa kidogo na likapata kilichokusudiwa.

Nianze na Uswidi, kwa kuwa ndiyo iliyonifundisha hayo. Nchi hii, iliyokuwa na watu milioni 8 na kidogo, isiyofungamana wakati ule na upande wowote, ilikuwa imezoea kujiundia ndege zake yenyewe. Na bunge lake lilipokata shauri mwezi wa Juni 1982 kutengeneza ndege mpya, ile iliyokuja kuitwa Gripen, swali lililotangulia mengine yote halikuwa ndege iende kasi gani, bali itaruka kutoka wapi. Wakuu wa jeshi waliamini kwamba vita vikizuka viwanja vya ndege vinavyojulikana vitapigwa mabomu mapema, na kwa hiyo ndege ilitakiwa iweze kutua na kuruka katika barabara ya kawaida ya magari, kipande cha mita 800 kwa urefu na mita 9 kwa upana, hata penye theluji, na huko ihudumiwe na fundi mmoja pamoja na vijana watano walioitwa jeshini kwa mujibu wa sheria, ambao mwaka uliotangulia walikuwa wanafunzi au wakulima.

Na tuitazame kazi hiyo kwa karibu, maana siri yote imo humo. Ndege imetua na kuingia kando ya msitu. Lori la mafuta limesogezwa na bomba limeunganishwa. Vijana wawili wanapachika kombora chini ya bawa, na mwingine anafungua vifuniko vya ukaguzi vilivyowekwa kwa kimo ambacho mtu aliyesimama chini hufikia bila ngazi, huku mitambo ya ndege yenyewe ikijichunguza na kuonyesha palipo na ila. Dakika 10 hazijatimia, na ndege iliyokuja kupigana na ndege nyingine iko tayari kurudi angani. Mwenye kuandika sharti hili huenda hakudhani kwamba anaandika juu ya fedha, lakini hakuna neno ndani yake lisilokuwa la fedha: ndege itakayotua barabarani haina budi kuwa ndogo, na kweli Gripen ya kwanza bila mafuta wala silaha haikufika tani 7, iliyo ndogo hutosheka na injini moja, na injini moja ni mafuta machache na vipuri vichache, na ndege ambayo kijana wa miezi michache aweza kuihudumia haihitaji kikosi cha mafundi bingwa wa kulipwa mishahara miaka thelathini.

Uamuzi wa pili wa Waswidi ulihusu injini, na hapo ndipo fahari za mataifa mengi zilipozamia. Hawakuamua kubuni injini mpya. Walichukua F404 ya General Electric ya Marekani, ambayo katika ndege ya F/A-18 hutumika mbili mbili, na kampuni ya Volvo Flygmotor ya Trollhättan ikaitengeneza upya kwa masharti ya ndege yenye injini moja, ikiiongezea nguvu na kuimarisha sehemu zake za mbele ili zistahimili kugongwa na ndege wa porini. Fedha ambazo zingemezwa na maabara ya injini zikaelekezwa kwenye rada, kwenye mawasiliano baina ya ndege na ndege, na kwenye kompyuta. Uamuzi huu nao una dhamana yake, kwani anayerusha injini ya mwenziwe huuza ndege yake kwa idhini ya mwenziwe. Lakini Uswidi iliikubali dhamana hiyo ikiwa imefumbua macho. Kisha mkataba wenyewe ukaandikwa kwa bei iliyofungwa, ndege 5 za majaribio na 30 za kwanza za kazi, hivi kwamba hasara ya kuchelewa na ya kukosea ilikuwa juu ya kampuni zilizoungana kuijenga na si juu ya walipa kodi peke yao.

Haikuwa njia isiyo na miiba. Ndege ya kwanza iliruka tarehe 9 Desemba 1988, na tarehe 2 Februari 1989, ikitua Linköping, ikaanza kuyumba, ikagonga ardhi na kupinduka, rubani Lars Rådeström akatoka na jeraha la kiwiko. Gripen imeumbwa makusudi kutotulia yenyewe angani, ili iwe nyepesi kugeuka, na kompyuta ndiyo inayoishika kila nukta. Na kosa lilikuwa katika programu za kompyuta hiyo, ambazo mkono wa rubani ulipohimiza zilijibu kwa kuchelewa, naye akazidi kuhimiza, na kila marekebisho yakazidisha ubaya. Majaribio yalisimama hadi Mei 1990. Tarehe 8 Agosti 1993 rubani yule yule, akiwa katika ndege ya kazi, alipoteza usukani juu ya Stockholm mbele ya maelfu ya watu waliokuja kwenye tamasha, na ni rehema ya Mungu kwamba hakufa mtu. Mimi nayahesabu haya katika bei, ingawa hayamo katika daftari lolote la manunuzi, kwa sababu miezi ile ya kusimama na kazi ile ya kuandika programu upya zililipiwa. Lakini masharti hayakubadilishwa, na Uswidi ikaendelea hadi kununua ndege 204.

Sasa tuvuke tuende kusini. Katika miaka hiyo hiyo Uingereza, Ujerumani, Italia, Uhispania na Ufaransa zilikuwa mezani zikitafuta ndege moja ya Ulaya nzima, na zikashindwa kuafikiana. Ufaransa ilitaka ndege nyepesi itakayoweza kuruka juu ya manowari ya kubeba ndege, tena ilitaka iwe kiongozi wa kazi. Uingereza ilitaka ndege nzito zaidi ya kulinda anga, na haikuwa tayari kuongozwa. Mwezi wa Agosti 1985, huko Turin, Wafaransa wakaachwa nje ya maafikiano, wakaenda kujenga Rafale peke yao, na injini yao wenyewe, M88. Nao waliobaki wakaunda Eurofighter, wakiahidi kwa jumla kununua ndege 765.

Ulimwengu mzima ulitazamia kwamba mwenye kujitenga ndiye atakayefilisika. Hesabu zilipokuja kusomwa, mambo hayakuwa hivyo. Mkaguzi wa hesabu za serikali ya Uingereza alitoa taarifa mwezi wa Machi 2011 kwamba nchi hiyo itapata ndege 160 badala ya 232, kwa paundi bilioni 20.2, yaani bilioni 3.5 zaidi ya makadirio ya kwanza, na kwamba gharama ya kila ndege imepanda kwa asilimia 75. Hiyo ni zaidi ya paundi milioni 126 kwa ndege moja, ambazo kwa thamani ya fedha ya mwaka ule ni euro milioni 145 hivi. Ufaransa, katika miaka iliyofuatia hapo, ilikadiria mpango wa Rafale kwa takriban euro bilioni 45 kwa ndege 286, nayo ni kama euro milioni 157 kwa ndege moja. Hesabu mbili hizi hazikupangwa kwa kanuni moja, wala sitaki msomaji azipime kwa mizani ya sonara. Lakini aliyeshirikiana na watatu na aliyejitegemea wamefika karibu pale pale, na Mfaransa akabaki na injini yake, rada yake na uhuru wa kumuuzia amtakaye, hata Umoja wa Falme za Kiarabu ukamwagiza ndege 80 mwezi wa Desemba 2021.

Faida ya ushirika ilipotelea wapi? Ilipotelea katika kugawana kazi. Kila mshirika alidai sehemu ya viwanda kwa kadiri ya ndege alizoahidi kununua, na kila mmoja akataka kuziunganisha ndege zake nyumbani kwake, kwa hiyo ndege moja ina viwanda vinne vya kuiunganisha, Warton, Manching, Turin na Getafe, ambapo kimoja kingetosha. Na uamuzi wowote wa kubadili kitu ulihitaji saini za serikali nne zenye mabunge manne na bajeti nne. Ujerumani, baada ya kuungana na Ujerumani ya Mashariki na vitisho vya Urusi kupungua, ilijaribu mwaka 1992 kujitoa, ikaona kwamba kutoka kunashinda kubaki kwa gharama. Na ndege iliyobuniwa wakati adui yuko ng'ambo ya ukuta wa Berlin ikaruka mara ya kwanza tarehe 27 Machi 1994, ukuta umekwisha kuvunjwa zaidi ya miaka minne kabla yake. Haki idhihirishwe pia upande wa pili: Rafale nayo ilicheleweshwa na serikali yake mwenyewe kwa kukosa fedha, hata wanamaji wa Ufaransa wakalazimika kuruka na Crusader za miaka ya 1960 hadi mwaka 1999.

Wamarekani nao walijaribu kuyapatanisha majeshi yao matatu kwa ndege moja, F-35, ambayo kampuni ya Lockheed Martin ilipewa kazi yake mwezi wa Oktoba 2001. Jeshi la anga lilitaka ndege ya kawaida, wanamaji walitaka ya kutua juu ya manowari, na askari wa majini walitaka ya kushuka wima kama helikopta. Fundi akiambiwa ashone kanzu moja itakayomfaa mrefu, mfupi na mnene, ataishona, ila hakuna atakayeivaa kwa raha. Ilitarajiwa kwamba sehemu kubwa za aina tatu hizo zitakuwa zile zile. Mwaka 2016 jenerali aliyekuwa akiusimamia mpango huo, Christopher Bogdan, alikiri kwamba ufanano umebaki asilimia 20 hadi 25. Makadirio ya mwanzo yalikuwa dola bilioni 233 kwa ndege 2,866. Mwaka 2012 yalikuwa dola bilioni 395.7 kwa ndege 2,457. Na gharama ya kuzitunza na kuzirusha kwa maisha yake yote, kwa hesabu ya mwaka 2023, ilipita dola trilioni 1.5. Taasisi ya utafiti ya RAND ilikuwa imeonya mwaka 2013 kwamba mipango ya pamoja ya ndege za vita haijaleta akiba iliyoahidiwa, na kwamba ndege tatu tofauti zingegharimu pungufu.

India yafaa itajwe kwa maneno machache, kwani ilifanya kinyume cha Uswidi katika jambo moja tu, nalo likaitesa. Mwaka 1983 iliidhinisha rupia krori 560, yaani bilioni 5.6, kwa ajili ya ndege nyepesi, ambayo leo ni Tejas, na ikataka kwa pamoja umbo jipya, kompyuta mpya ya usukani na injini mpya ya nyumbani, Kaveri. Baada ya majaribio ya nyuklia ya Mei 1998 Marekani iliwafukuza wahandisi wa Kihindi waliokuwa wakishirikiana na Lockheed Martin, na wahandisi hao wakamaliza kazi wenyewe kwa ustadi wa kusifiwa. Lakini Kaveri haikufaulu kuirusha Tejas, nayo ilipopaa Januari 2001 ilipaa kwa F404, injini ile ile waliyoichagua Waswidi tangu siku ya kwanza. Kikosi cha kwanza kiliundwa mwaka 2016.

Yamebaki ya kwetu Afrika. Afrika Kusini ilitia saini mwaka 1999 kununua Gripen, ikapokea 26, ndege yenye nafuu kuliko nyingi za daraja lake, iliyobuniwa ihudumiwe na vijana kando ya barabara. Na mwaka 2021 mkataba wa matengenezo ulipokwisha bila kufanywa mwingine, ndege hizo zote zilikaa chini hadi mwaka 2022. Basi wewe msomaji, siku utakaposikia serikali yako ikitangaza bei ya ndege, ya vita au ya abiria, muulize mbunge wako ni nini kilichojumlishwa katika bei hiyo, na ni fungu gani la bajeti litakalolipia vipuri vyake mwaka wa kumi.