Aliyeiandika nyumba asiyoweza kuirithi

Vita Sackville-West alizaliwa Knole mwaka 1892, mtoto pekee wa wazazi wake, na bado nyumba ile haikuwa yake. Kosa lake? Alizaliwa mwanamke.

Knole iko Kent, Uingereza. Askofu Mkuu Thomas Bourchier alianza kuijenga mwaka 1456, Mfalme Henry wa Nane akaichukua, na mwanzoni mwa karne ya 17 ikawa ya akina Sackville. Vita aliandika habari zake katika *Knole and the Sackvilles*, kilichotoka 1922. Ukikisoma haraka utasema, aah, mtoto wa kitajiri anajisifia ukoo. Soma tena. Huyu ni mtu anayeaga. Anapita chumba kwa chumba akijua siku moja ataondoka.

Ndiyo maana Lady Anne Clifford, mke wa Richard Sackville, anamgusa sana. Baba yake Anne alifariki 1605 akaacha ardhi kwa ndugu yake wa kiume, si kwa binti. Anne aligoma kukubali, hata mumewe na Mfalme James walipombana. Mwaka 1923 Vita akaihariri shajara yake. Sidhani kama hiyo ni bahati tu.

Lakini kuna mahali kitabu kinaniangusha. Vita ananakili orodha ya watumishi wa Richard, 1613 hadi 1624. Kwa wafua nguo yumo Grace Robinson, jikoni yumo John Morockoe, wote wameandikwa kuwa ni weusi. Kisha anatuambia kwamba kwa vizazi kijana mweusi wa pale aliitwa John Morocco, jina lake halisi liwe lolote, na kwamba mmoja wao aliuawa na msimamizi wa nyumba katika ugomvi. Anasimulia kwa kupita tu, kama kisa cha kuchekesha wageni. Yaani mtu anayejua uchungu wa kunyimwa nyumba haoni uchungu wa kunyimwa hata jina!

Baba yake alifariki 1928, nyumba ikaenda kwa baba yake mdogo, Charles. Mwaka huohuo Virginia Woolf alitoa *Orlando*, riwaya iliyomrudishia Vita Knole, angalau kwenye karatasi. Akina John hawakupata wa kuwarudishia chochote.

Kisomeni, kinastahili. Ila mkifika kwenye ile orodha ya watumishi, msiiruke.